Mlima Niliouchora Ubaoni

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, mafundi mliokuja na masanduku yenu ya spana, na ninyi wanangu wa darasa la sita na la saba mliokaa hapa mbele juani: habari za asubuhi.

Leo ni tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2018. Nilipoombwa niseme machache, nilifikiria kuzungumzia afya, nauli na moshi wa magari, lakini hayo mmeyasikia mara nyingi. Nimeona niwasimulie siku moja tu. Ni Ijumaa moja ya likizo ya Juni mwaka jana, nilipoondoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, peke yangu kwa baiskeli alfajiri, nikafika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, giza likianza kuingia. Ni kilomita 140 hivi.

Wengi wenu mmepita njia hiyo kwa basi. Mnapanda Uyole, mnasinzia, mnaamshwa Tukuyu na wauza ndizi dirishani, mnasinzia tena, mnashuka Kyela mkivua masweta. Mimi pia nimeipita hivyo kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo nilikuwa nafundisha mvua za milima. Wanangu, mnaukumbuka ule mchoro. Nachora mlima kwa chaki ya kijani. Upande wa kulia naweka maji, juu yake mishale ya upepo inakuja kuugonga mlima, inapanda, inakuwa wingu, inanyesha. Upande wa kushoto naandika "kivuli cha mvua", yaani upande unaobaki mkavu. Ninyi mnanakili, mtihani unakuja, mnapata alama zenu. Nimeuchora mchoro ule kwa miaka 21. Siku ile ndipo nilipojua kwamba mlima wenyewe ni huu wetu wa Rungwe, na maji yale ni Nyasa, na kwamba nilikuwa nafundisha kitu ambacho sijawahi kukigusa.

Baiskeli yangu ni hii hapa, mtumba wa Japani, ya chuma, ina gia 18. Kwenye keria nilifunga begi lenye nguo kavu, tyubu moja ya akiba, solusheni, viraka, pampu, viazi vya kuchemsha, karanga na koti la mvua. Mfukoni nilikuwa na daftari hili na kipimajoto cha darasani, ambacho niliomba ruhusa kukichukua. Nililala Uyole kwa ndugu yangu ili nianze safari karibu na mlima.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa barabarani. Igawilo bado imelala, mbwa tu na harufu ya moshi wa mkaa. Halafu mlima unaanza. Kwenye basi hamuusikii mlima ule, dereva anabadilisha gia basi. Kwenye baiskeli unausikia kwanza magotini, kisha kwenye pumzi, kisha kwenye mawazo, kwa sababu unaanza kujiuliza nani alikutuma. Dawa yake ni kutotazama mbali. Nilikuwa nachagua nguzo moja ya umeme, nafika, nachagua nyingine. Malori ya kwenda Malawi yalikuwa yananipita polepole, nayo yakipanda kwa taabu, na dereva mmoja alishusha kioo akaniambia, "Mama, pole na kazi." Sikuwa na pumzi ya kumjibu, nikainua mkono.

Isongole nilifika saa mbili na nusu. Pale mko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ni Juni. Katika vibonde vya mashamba ya viazi kulikuwa na weupe wa sakitu, ule umande ulioganda. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata sikuweza kufungua mfuniko wa chupa. Kina mama walikuwa wameshapanga viazi na karoti kandokando ya lami, wamejifunika vitenge hadi puani. Mmoja alinivuta mkono akauweka juu ya jiko lake la mkaa bila kuniuliza jina. Nilisoma kipimajoto: digrii 7. Iko humu kwenye daftari, mwandiko umepinda kwa baridi. Mbingu yote ilikuwa buluu, hakuna wingu hata moja upande wa Mbeya nilikotoka.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mchoro ulipoanza kuwa kweli.

Kutoka Isongole barabara inageuka kuteremka kuelekea Kiwira. Sikuwa nimeteremka hata nusu saa nikaona mbele yangu ukuta. Si ukungu wa kawaida unaotanda bondeni asubuhi. Ulikuwa mweupe, umesimama, umeanzia juu ya Rungwe na kushuka hadi barabarani, na migomba ya kwanza ilikuwa inaingia ndani yake mmoja mmoja. Nyuma yangu jua, mbele yangu mvua, na mimi kwenye mpaka. Kwa gari ungepita pale kwa sekunde chache ukadhani hali ya hewa imebadilika. Hali ya hewa haikuwa imebadilika. Mimi ndiye niliyekuwa nimevuka kutoka upande mmoja wa mlima kwenda upande wa pili. Nilisimama, nikavaa koti, nikaingia.

Ilianza kama manyunyu. Baadaye ikawa mvua kamili, ile ya Rungwe isiyo na radi wala haraka, inayonyesha kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku. Tukuyu na vitongoji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisi huku Mbeya hatufikii kiasi hicho, na tuko umbali wa safari ya asubuhi tu.

Nikagundua jambo la pili: breki zilikuwa hazishiki. Mafundi wanajua. Rimu ikilowa, mpira wa breki unateleza juu ya maji, unabana na baiskeli inaendelea kwenda. Lazima rimu izunguke mara kadhaa ndipo mpira ufute maji na kuanza kukamata. Kwenye mteremko hiyo mizunguko michache ni mita nyingi. Niliteremka baiskeli nikaikokota hadi kwenye duka moja lenye baraza pale Kiwira.

Barazani alikuwepo bibi mmoja, ameketi kwenye kigoda, jani la mgomba alilokuja nalo kama mwavuli limelazwa miguuni, bado linachuruzika maji. Nikamwamkia. Akaniangalia, akaangalia baiskeli.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Uyole, bibi."

"Na hiyo?"

"Na hiyo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasogea kwenye kigoda chake, akanipa nusu. "Kaa. Mvua hii ya asubuhi inaacha saa tano. Mchana utalipata jua Tukuyu, na jioni itarudi, lakini wewe utakuwa umeshuka."

Nikamuuliza amejuaje. Akaonyesha kwa kidevu upande ulikokuwa mlima, ingawa hatukuuona, akasema, "Upepo wa ziwani. Usiku unalala, asubuhi tunabaki na uliobaki jana. Mchana unakuja mpya."

Wanangu, nina cheti cha ualimu. Nilikaa kwenye nusu ya kigoda na bibi akanifundisha somo langu. Niliyaandika maneno yake palepale, matone yakidondoka kutoka kwenye ukingo wa bati. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala viazi vyangu na mbalaga zake, zile ndizi za kupika, na mvua ikaacha saa tano na dakika chache. Nilimwambia "ndaga fijo", ndiyo Kinyakyusa pekee ninachokijua vizuri, akacheka akanisahihisha matamshi.

Tukuyu nilifika adhuhuri. Jua kweli lilikuwa limetoka, lami inafuka mvuke. Mashamba ya chai ya Katumba baada ya mvua ni kitu ambacho sina maneno nacho. Ule usawa wake, kama mtu amekata mlima kwa panga, na wachumaji wametokeza kuanzia kiunoni, vikapu mgongoni. Kipimajoto kilisoma 17. Nikala, nikapima upepo wa tairi, nikaendelea.

Chini ya Tukuyu kuna mteremko mrefu unaokupeleka hadi kwenye bonde la Kyela. Watu huniambia, "Hapo sasa ulipumzika." Hapana. Mteremko mrefu ni kazi nyingine. Nilikuwa nabana breki ya nyuma, naachia, nabana ya mbele, naachia, na kila baada ya muda nasimama na kugusa rimu kwa kidole kujua imepata moto kiasi gani. Ikiwa ya moto hadi unatoa kidole, unasubiri. Wale mnaoshuka Mlima Nyoka kwa baiskeli za kaka zenu bila breki ya nyuma, nawaomba, na nawaomba kwa moyo wangu wote, msirudie.

Na ni kwenye mteremko huohuo nilipoogopa kuliko wakati wowote siku ile. Basi lilikuja nyuma yangu, likapiga honi mara moja, ndefu, na halikupunguza mwendo. Mbele lilikuwa linakuja lori. Lami haikuwa na bega la kutosha, ile sehemu ya pembeni ya kupita wasio na magari, ukingo wake umekatika, na chini yake kuna mtaro. Sikuwa na pa kwenda ila mtaroni. Niliingia mtaroni. Sikuumia, namshukuru Mungu, nilichubuka kiwiko tu na begi likachafuka. Lakini nilikaa kwenye majani muda mrefu nikitetemeka, na nilichokuwa nakifikiria siyo mimi. Nilikuwa nafikiria kwamba ukingo uleule wa lami watoto wanautembea kila siku kwenda shule, na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, na wazee wenye baiskeli zilizobeba magunia. Ndugu mgeni rasmi, umekuja na tunakushukuru, na najua unakaa kwenye vikao ambavyo sisi hatukai. Barabara inapopanuliwa au kukarabatiwa, tunaomba bega lake liwe la upana wa mtu na baiskeli yake, liwe la lami, na lisiishie mahali ambapo mlima unaanza. Ni kwenye mlima ndipo mwenye baiskeli anapokwenda polepole na kuyumba, na ni hapo ndipo anapolihitaji zaidi.

Mtaroni nilipata na pancha. Tairi ya nyuma. Nilikokota hadi nyumba ya kwanza, na kijana wa miaka kama 12 akatoka na beseni la maji kabla sijaomba. Tulitoa tyubu, tukaijaza upepo, tukaizamisha kipande kwa kipande. Hakuna kitu. Tundu lilikuwa dogo mno. Yule kijana akaitoa majini, akaisogeza taratibu karibu na mdomo wake, kwenye ngozi ya chini ya pua ambako hata pumzi ndogo inasikika, akazunguka nayo, akasimama. "Hapa." Akaweka mate, povu likatokea. Halafu akafanya kitu ambacho wengi husahau: akapitisha vidole vyake polepole ndani ya tairi yenyewe, akatoa kipande cha waya chembamba kama unywele, wa zile nyaya zinazotoka kwenye tairi za malori zinapopasuka. Kama angeziba tyubu na kuuacha waya ule, ningepata pancha nyingine baada ya kilomita mbili. Mafundi, leo wafundisheni watoto hawa hilo la waya. Kuziba kila mtu anajua.

Joto lilikuwa linapanda kila nilivyoshuka. Koti likaingia begini, kisha sweta, kisha nikakunja mikono ya shati. Migomba ikaanza kuchanganyika na kokoa, ile miti yenye matunda yaliyoota kwenye shina kama yamebandikwa. Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka Kyela, na kuna watoto katika darasa langu ambao hawajawahi kuona tunda lake. Halafu ghafla mlima umekwisha na nchi imelala bapa. Mpunga ulikuwa umevunwa, umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na harufu ya mpunga wa Kyela ukiwa juani siwezi kuisahau. Kikusya, unapoiacha barabara ya Kyela kushika ile ya Ipinda na Matema, nilisoma kipimajoto saa tisa na nusu: digrii 28.

Tufanye hesabu, kama kawaida yetu. Toka 7 hadi 28 ni digrii 21. Je, zote ni za kimo? Nilishuka mita 1,700 hivi, na joto huongezeka kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Hiyo ni digrii 11. Kumi zilizobaki ni za saa: asubuhi na mchana. Nani ameelewa? Vizuri.

Bonde la Kyela ni nchi ya baiskeli. Huko baiskeli haishangazi mtu, inabeba mama na mtoto, kreti za soda, mabati, hata kitanda. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyeniuliza kwa nini. Waliniuliza tu nakwenda wapi, na wawili walinisindikiza hadi mwisho wa kijiji chao tukipiga soga.

Kisha ukaja upepo.

Zilikuwa zimebaki kilomita kama 30, tambarare tupu, nikadhani sasa nitafika mapema. Upepo ulitoka mbele, kutoka ziwani, wa moto kidogo na wenye unyevu, ukanizuia. Nilishusha gia hadi zile nilizotumia kupanda mlima wa Igawilo, kwenye ardhi bapa! Nilikunja mgongo, nikakanyaga, naenda kama nakokota jiwe. Nusu saa ya hivyo nikakasirika, nikasimama, nikashusha mguu chini, na nikageuka nyuma ili upepo unipige mgongoni nipumzike.

Nikaliona lote. Nyuma yangu, mbali, juu ya migomba yote niliyoipita, Rungwe ilikuwa inajenga mawingu. Yalikuwa yanapanda ubavuni mwake huku nayatazama, meupe chini, meusi juu, palepale nilipokaa asubuhi na bibi. Upepo uliokuwa unanipita masikioni ndio uliokuwa unakwenda kuyajenga. Ulikuwa umeokota maji ziwani, umenipita mimi kifuani, unakwenda kugonga mlima na kupanda na kupoa na kunyesha. Ule mshale wangu wa chaki. Nilikuwa nimesimama ndani ya mshale.

Sikusikia uchovu tena kwa muda. Nililia kidogo, siwafichi. Miaka 21.

Matema nilifika saa kumi na mbili na nusu. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini, huo ni ukuta wa Bonde la Ufa, na mwanga wa mwisho ulikuwa bado juu yake wakati ufukweni kwenyewe giza linaanza kuingia. Niliingiza baiskeli hadi mchangani na kuingia majini na viatu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Usiku nilikula wali na samaki, nikalala saa mbili kama mtoto.

Nilikuwa nimechagua Ijumaa kwa sababu Jumamosi ni siku ya gulio la Lyulilo, pale jirani. Wanawake wa Kikisi huja na vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kuzungushiwa majani. Nilinunua kimoja kidogo chenye mistari mieupe. Kijana wa sokoni alinifungia kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, akajaribu kukitikisa, akaongeza kipande kimoja. Nilirudi kwa basi, baiskeli juu ya paa lake, chungu mapajani. Kiko pale mezani kwa mwalimu mkuu, mnaweza kukishika lakini kwa mikono miwili.

Na daftari hili nalizungusha sasa, lianzie safu ya mbele. Ukurasa wa Isongole umeandikwa vizuri ingawa mwandiko umepinda. Wa Kiwira wino umetawanyika kwa matone ya lile bati, maneno ya bibi yanasomeka nusu, kwa hiyo nimeyaandika upya ukurasa unaofuata. Muhula ujao, wazazi wakikubali na mwalimu mkuu akitupa gari la kutufuata nyuma, darasa la saba tutapanda hadi Isongole kwa baiskeli na kipimajoto chetu. Fomu za ruhusa ziko kwa mwalimu wa zamu.

Mafundi wameshafungua masanduku chini ya mparachichi. Aliye na pancha atangulie. Asanteni sana kwa kunisikiliza.